Kodi Gani Nilimlipa Mzee Hiram?

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na jina langu tafadhali usilitaje, hata mtaa ukiweza uuache, kwa sababu hapa Nakuru siku hizi mtu akikohoa jirani anataka kujua amekohoa kwa nini. Mimi ni mjane, watoto wangu wawili wanasoma Ndabibi wakikaa kwa mama yangu, na kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi mmoja karibu na stesheni, kazi ya mshahara, na kodi ya serikali tajiri wangu hunikatia hukohuko, kwa hiyo nilijiona niko sawa kabisa. Ila mkono uliozoea pasi unaujua moto, na mwaka jana nikaanza kuwanyoosha wanawake nywele kwa kitana cha moto Jumapili baada ya kanisa, kwanza dada wa kwaya, kisha marafiki zao, mpaka nikapanga kona ya chumba cha Mzee Hiram, fundi viatu, ambaye Jumapili hafanyi kazi. Nikaweka jiko la makaa, kioo, mafuta na poda, na gazeti lako ndilo ninalojaribia kitana, karatasi ikibadilika rangi najua bado ni kali kwa kichwa cha mtu. Tajiri wangu hajui. Ofisi ya kodi haijui. Sikusema kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, na mshahara si umeshakatwa?

Taabu ilianza alipokuja Chepkurui, mke wa Kemboi, na huyu Kemboi ni karani wa ofisi ya kodi. Nywele zake zilikuwa fupi hata kitana hakizishiki vizuri, lakini alirudi tena na tena, akibaki kwenye benchi hata zamu yake ikiisha, akitazama nani anaingia, akiuliza mafuta nanunua wapi na Krismasi wateja walikuwa wengi kiasi gani, na mimi tangu siku ya kwanza nilisema moyoni, huyu ametumwa na mumewe. Nilikuwa nikimpa chai ili mdomo wake upate kazi nyingine. Jumapili moja, nimemshika sikio nisimchome, akaniambia taratibu, "Mama, na biashara imekuwa nzuri hivi, kodi unamlipa nani?" Nikamjibu, "Namlipa Mzee Hiram, kila mwisho wa mwezi." Mshauri, sikudanganya, kona ile nimeipanga, na Hiram hupokea kodi yake kwa mkono wake mwenyewe. Chepkurui akalipa, akaenda zake.

Kabla ya wiki kwisha askari wakamchukua Mzee Hiram. Wanasema anakusanya kodi ya serikali bila idhini, na wanataka kujua pesa hizo anampelekea nani msituni, na wewe unajua katika Hali ya Hatari hii mzee Mkikuyu akiulizwa swali kama hilo mambo huishia wapi. Amewaambia ni kodi ya chumba, wakamuuliza mpangaji ni nani, akanyamaza. Mpaka leo hajanitaja. Mkewe Wangare tukikutana bombani hunitazama tu, na sijui anajua nini. Nikienda kusema, biashara itajulikana, tajiri atanifukuza na ofisi ya kodi itanidai ya nyuma yote. Sasa niambie, mtu anayekatwa kodi kazini alipe tena kwa kazi ya Jumapili? Na yule mpelelezi Chepkurui nimfanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Kitana, Nakuru

*

Mwenye Kitana,

Barua yako imefika ikiwa imeungua pembeni na inanukia mafuta ya nywele. Jina nimelificha, lakini kujificha wewe hujui.

Umeniuliza maswali mawili, na hakuna hata moja linalomhusu mzee aliyeko rumande kwa ajili yako. Hilo lilinifanya niisome barua yako mara ya pili kwa jicho lako mwenyewe, la kushuku. Unasema tangu siku ya kwanza ulijua Chepkurui ametumwa na ofisi ya kodi. Basi mtu unayemdhania hivyo akikuuliza unamlipa nani kodi, ungewezaje kufikiri anauliza habari za chumba? Ulijua anauliza kodi gani. Ukamjibu ile nyingine, kwa kuwa lugha yetu imezipa zote mbili jina moja, na ukamwacha aondoke nalo. Usiniambie hukudanganya.

Najua unaogopa, na mjane mwenye watoto shuleni ana haki ya kuogopa. Nakuhurumia kwa hilo. Lakini mfikirie huyo mpelelezi wako. Angekuwa ametumwa, wa kwanza kuitwa angekuwa wewe. Mbona hujaitwa? Naona alidhani mzee anakuibia kwa jina la serikali, akakusemea kwa mumewe bila kukutaja. Na mtu anayeuliza mafuta yanauzwa wapi anataka kufungua duka lake, mama, hataki kukufunga. Kwa hiyo wanaokuficha ni wawili: mwanamke unayemshuku, na mzee uliyemponza.

Habari ya kodi ni nyepesi kuliko unavyoiogopa. Kilichokatwa kwa dobi ni cha pasi. Kitana hakijakatwa kitu, na serikali hutazama mapato yako yote kwa pamoja. Kama yakijumlishwa utadaiwa zaidi, na kiasi gani, hilo atakuambia karani, mimi siwezi. Mweleze pia habari za makaa, mafuta na chumba, uulize kama hupunguzwa. Atataka shahidi wa hicho chumba, na shahidi wako umemwacha ndani. Uliza pia baraza la mji kuhusu laisensi. Tajiri mwambie wewe, leo, kabla hajaambiwa na mteja. Akikufukuza itauma, nami sitakuahidi kwamba hatakufukuza.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda polisi, na umpitie Wangare kwanza mwende pamoja, ili ajue umekuja. Chepkurui naye umwombe aje aseme alivyosikia. Ukifika mbele ya ile meza, neno kodi usilitamke hata mara moja. Sema, "Mzee Hiram nilimpa pesa ya chumba. Ya serikali sijampa mtu."

Na ukurasa huu usiujaribie kitana mpaka mzee arudi kwenye viatu vyake.