Sandy Wiseman wa Mnarani

Portgarvie,
Pwani ya Banff.

Kaka yangu Dod,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko New Zealand, wewe na wifi, na kondoo wenu msiowajua idadi. Sisi hatujambo. Mama anaugua magoti tu. Ulimi haujapata kuugua.

Habari kubwa ni kwamba sasa tumo kwenye njia ya watalii. Ngome iliyobomoka imewekewa kibao, kanisa la kale vilevile, na mnara wetu wa bandarini umepata kikubwa kuliko vyote. Kimeandikwa kwamba siku ya dhoruba kuu, Sandy Wiseman aliwasha moto juu ya mnara akaziongoza mashua zote nyumbani. Baba yetu, Dod, kwa herufi za dhahabu!

Tatizo unalijua. Akina Sandy Wiseman hapa wanajaza kanisa. Waandishi wa kibao waliuliza jina, wakatajiwa, wakaondoka; hakuna aliyekumbuka kwamba wageni hawana habari ya majina ya utani tunayotofautishana nayo. Kesho yake Sandy Mkia alikuwa ameegemea kibao, Wajerumani wakimpiga picha, akiwasimulia jinsi mvua ilivyomchapa. Nikamuuliza, wee mzee, siku ile si ulikuwa bado unanyonya? Akanijibu bila haya, "Dada, kibao kinasema Sandy, nami ni Sandy. Kagombane na kibao."

Nikataka liongezwe jina la utani la baba, Usingizi. Mama akawaka: hakubali mumewe alazwe mbele ya watalii. Nikamwambia kila mtu anajua baba alipitiwa na usingizi asubuhi ile, mashua ikamwacha, akabaki mvuvi pekee nchi kavu. Asingelala, nani angewasha moto?

Hapo mama akaweka kikombe chini, akatoa neno ambalo hajapata kumwambia mtu. Baba hakulala. Alitoka alfajiri na viatu vyake vya baharini, na kwenye kona akakutana uso kwa uso na mchungaji wa kanisa letu. Mvuvi akikutana na mchungaji njiani hufanyaje, unajua mwenyewe: siku hiyo haendi baharini. Baba aligeuka, akarudi kujifunika blanketi. Lakini alikuwa mzee wa kanisa! Angesimamaje kutangaza kwamba mchungaji ni nuksi? Akaona heri aitwe Usingizi, akaliitikia jina hilo mpaka kaburini, ili mtu wa Mungu asiaibike.

Nikauliza, sasa tuandike nini? Mama akanitazama kama niliyeuliza bahari iko wapi. Akasema andikeni Usingizi, tena kwa herufi kubwa. Aliyelibeba jina lile maisha yake yote hatavunjwa na Wajerumani.

Limeshaandikwa. Sandy Mkia alikuja, akasoma, akavua kofia. Siku hizi anawaambia watalii kwamba yeye ni mpwa wake, na mama anamwachia.

Tusalimie wote, na watoto wabusu kwa niaba ya bibi yao. Wakiulizwa huko wao ni akina nani, wasione haya kujibu.

Ni mimi dada yako,
Elspet, binti Usingizi