Kijiti cha Kumi na Sita

Rekanes, Strandir,
Aislandi.
9 Juni 1888.

Mpendwa kaka Eyvindur,

Salamu zikufikie huko Gimli, Kanada, kama bado uko huko. Hujambo? Mkeo hajambo? Sisi huku hatujambo, ila Mama, nitafika kwake. Mume wangu Ketill ni mzima, na kikohozi chake ni kilekile ulichokiacha.

Barafu ya bahari ilituzingira tangu Februari, ikaondoka juzi tu. Kondoo kumi na wanane wamekufa. Magogo yaliyoletwa na maji ni mengi mwaka huu, kwa hiyo kuni zipo. Kahawa ndiyo hakuna. Nakunywa maji ya moto na kujikaza.

Sasa Mama. Tangu Machi amelala, hagusi chakula ila vijiko viwili vya maziwa ya mgando, tena nimkaripie. Homa hana. Ni vile vijiti vya ramli vya marehemu Baba. Unavikumbuka: kumi na sita, vya gogo moja la pwani, kila kimoja na alama yake, imechongwa na kupakwa damu ya Baba mwenyewe. Kila Jumapili sala ikiisha Mama hutandika kitambaa cheupe, akavimwaga, akafumba macho na kuokota vitatu. Jumapili tatu mfululizo aliokota kile chenye alama ya Barafu. Ya tatu ilifuatana na Dhiki. Akavirudisha mfukoni, akapanda kitandani, akageukia ukuta.

Mchungaji alikuja kumwambia kwamba huo ni ushirikina. Mama akamjibu, "Baba Mchungaji, maziwa yangu umeshakunywa. Sasa nenda kawachunge wanaokusikia." Hapo nikajua akili bado anazo.

Mimi unanijua, mambo hayo siyaamini. Lakini asiyekula hufa, uamini usiamini. Siku moja akiwa amesinzia nikavichukua vijiti nikavihesabu. Kumi na tano. Nikahesabu tena. Kilichokosekana ni cha Mavuno Mema, kile Baba alichokiita mfalme wa mfuko. Ala! Nikaona nimeupata ugonjwa wenyewe. Mtu anaokota kwenye mfuko usio na heri, ataambulia nini kama si balaa?

Kipande cha lile gogo kilikuwepo bado, ubao wa kitanda changu. Ketill akauliza, "Mke wangu, unakata kitanda? Tutalala wapi?" Nikamwambia alale kimya. Nikachonga alama, nikajikata kidole, nikaipaka damu, nikakifukiza moshini kionekane cha zamani.

Jumapili iliyofuata nikamwinua Mama na kumtandikia kitambaa. Akafumba macho, akaokota. Cha kwanza kikawa kilekile changu. Akakipapasa, akakinusa.

"Steinunn, hii damu ya nani?"

Nikakificha kidole changu.

"Ni yako. Basi kitajibu habari za Steinunn tu. Na za Steinunn sihitaji kijiti, ananipigia kelele hapa tangu asubuhi."

Nikajitetea kwamba kimoja kilipotea. Akacheka, kaka, mara ya kwanza tangu Machi. Kisha akalia.

"Hakikupotea. Nilikishona kwenye koti la Eyvindur siku anaondoka, upande wa kushoto, chini ya kwapa. Wewe ulikuwa unashughulika kununa."

Kweli nilinuna. Uliniachia mama na kondoo.

Miezi yote hiyo nilidhani anaviuliza vijiti habari za kifo chake. Kumbe alikuwa anauliza habari zako. Barua yako ya mwisho ilisema unavua samaki ziwani, mnatoboa barafu na kusimama juu yake. Tangu hapo mwaka na nusu, kimya. Akaokota Barafu mara tatu, akakuona uko chini yake.

Nilimwambia barafu ni hii hii ya mlangoni kwetu, iliyozuia meli ya posta. Akasema, "Pengine." Siku hiyo alikula nusu bakuli. Lakini pengine haishibishi mtu. Jana amerudia vijiko viwili.

Meli imeingia asubuhi hii. Niliteremka mwenyewe ufukweni, nikasimama mpaka gunia la mwisho. Barua yako haikuwemo. Sijamwambia Mama. Nimesema bado wanapanga barua. Nimeona haya, maana ameniomba nimchane nywele, tayari kwa kusomewa.

Basi fumua hilo koti, ukione. Usikirudishe, Mama amekataa katakata, anasema kikirudi huku wewe utabaki na nini. Ila kata kijiti cha mti wowote wa huko, uchonge alama yoyote, hata Barafu, mradi ukipake damu yako, ukitume. Meli itarudi huku mwishoni mwa Agosti. Mama atakinusa na atajua. Mimi siamini, lakini nitakuwa ufukweni.

Ketill anakusalimu. Shangazi Valgerður anakusalimu pia, na anauliza kama ni wewe uliyeondoka na kisu chake. Mungu akuweke juu ya barafu, Eyvindur, asikuweke chini yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na bado nimenuna,
Steinunn