Kiganja Bila Vidole

2 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, mikono tu ndiyo imekunjamana kwa kuosha sufuria. Ahsante kwa viatu. Sakafu ya jiko hili la hospitali inateleza, navyo vinanishika vizuri.

Mama ameniambia kifua kilikubana na presha imepanda. Nimeogopa sana, Baba. Wenzangu hapa jikoni wanasema nyama ni sumu, na wewe unashinda nayo buchani. Tafadhali iache kabisa.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Vidonge nameza, nasikia nafuu. Nyama nimeacha. Na bucha nimefunga, maana nitamuuziaje jirani sumu? Visu nimevipaka mafuta, nikavifunga kwenye gunia.

Jambo moja linaninyima usingizi. Wewe umekula nyama ya mkono wangu tangu umeota meno. Je, nilikulea kwa sumu?

Baba yako

25 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisomea stoo, nikalia juu ya gunia la vitunguu.

Unajua nilivyo, kuomba chumvi tu naona haya. Lakini leo nilimfuata mama wa lishe, anayewapangia wagonjwa chakula, nikasimama mlangoni mpaka akasema, “Binti, utaota mizizi hapo. Sema!” Nikasema.

Hakunicheka. Alichukua sahani: nusu mboga za majani, robo maharage na kipande cha nyama, robo iliyobaki viazi. Nyama ina nafasi yake, anasema, inaongeza damu na nguvu. Ila iwe isiyo na mafuta, isiungue, isiwe ya kila siku, na ukubwa wake ni kiganja bila vidole. Kinachokuumiza wewe ni yale mafuta ya nyama unayochoma asubuhi na kuyamwagia chumvi ukingoja wateja. Vidonge usiviache, na daktari wako umsikilize kuliko sisi waosha sufuria.

Hukunilea kwa sumu, Baba. Nilipoishiwa damu nikiwa mdogo, ulinikatia maini membamba kama karatasi ili nisiyaogope. Nilipona. Sijawahi kukushukuru. Ahsante.

Nimechora kiganja changu nyuma ya barua hii, maana chako ni kama koleo. Fungua bucha.

Mwanao

17 Aprili

Mama,

Marahaba, mwanangu, marahaba tena. Presha imeshuka. Daktari kaniuliza nani ananifundisha, nikasema nina mtu wangu jikoni.

Bucha iko wazi. Siku hizi naondoa mafuta kabla ya kupima, na anayeagiza kila siku namwambia leo kale maharage. Fundi viatu ananitangaza mtaa mzima: “Mwenye bucha anakula majani kuliko mbuzi wake!” Lakini amerudi na yeye, anataka kipande cha kiganja.

Mchoro wako nimeubandika ukutani, juu ya mizani. Wateja wanapimia nyama. Mimi nikifika asubuhi, kabla sijafungua gunia la visu, naweka mkono wangu juu yake kidogo.

Ahsante, mama.

Baba yako wa buchani