Goti Ni Langu, Hatibu

Shinyanga, 3 Machi 1936

Kwa mwanangu Hatibu,

Salamu nyingi. Hujambo huko machimboni Geita? Mimi sijambo, na safari hii hata magoti nayasifu. Unajua mwaka mzima la kulia lilivimba, nikawa naswali nimekaa. Sasa dresa Marselino, mfunga vidonda wa zahanati, amenifundisha. Asubuhi kitambaa cha maji moto, kisha nakaa ukingoni mwa kitanda, nanyoosha mguu, nahesabu hadi kumi, naushusha polepole. Halafu nasimama na kuketi kitini mara kumi bila kushika kitu. Wiki ya kwanza nililia. Nikamwambia, "Unaniua!" Akajibu, "Mayo, mama yangu, goti lisilotembezwa hukauka." Tabu, mke wa mdogo wako, ananikanda kwa samli. Jana nilikwenda sokoni kwa mkongojo, nikarudi.

Mama yako,
Mwanaidi

Geita, 29 Machi 1936

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakuombea na wewe uzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, sikuipenda. Mama mwenye heshima zake anahesabishwa miguu na kijana wa kiume! Watu wa kwetu hapa kazini wameshasikia, wananicheka: "Mamako anafundishwa kwata." Mwili wa mtu mzima ni wa kupumzishwa. Nimemwandikia mdogo wangu Akida asikuache utoke. Kaa, ule, utunzwe.

Mwanao,
Hatibu

Shinyanga, 20 Aprili 1936

Hatibu,

Nakusalimu kwa kuwa salamu ni haki ya Mungu. Mimi si mzima. Marselino hajanigusa hata ukucha. Alionyesha kwa goti lake mwenyewe, Tabu yupo anatazama. Sasa Akida ameuficha mkongojo wangu, na Tabu kakatazwa kunikanda. Nikiuliza, mdogo wako anasema, "Kaka ameamuru." Amemwamuru nani? Nilikubeba mgongoni kutoka Tabora kwa magoti haya haya, hukuyaonea aibu!

Na sikia: mdogo wangu Chausiku anaumwa Ibadakuli, ananiita. Mwambie Akida anirudishie mkongojo.

Mama yako,
Mwanaidi

Geita, 8 Mei 1936

Mama,

Shikamoo. Nimesikitika kwa ugonjwa wa mama mdogo. Vumilia. Nimeomba ruhusa, mwisho wa Juni nitakuja na kukupeleka kwa lori, kwa heshima. Hadi hapo usitoke.

Mwanao,
Hatibu

Geita, 2 Julai 1936

Mama yangu,

Shikamoo. Ruhusa nimenyimwa. Akida ameniandikia kuwa mama mdogo amefariki na kwamba husemi naye. Barua zangu mbili hukujibu. Nijibu hata neno moja. Nisamehe.

Mwanao,
Hatibu

Shinyanga, 11 Septemba 1936

Hatibu,

Salamu zako zimefika.

Chausiku alifariki tarehe kumi na tisa Mei. Waliomuuguza wameniambia kila mlango ulipobishwa aliuliza, "Ni Mwanaidi?" Ibadakuli, Hatibu! Mtu mzima wa miguu anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Mimi nilikuwa nimekaa, nikila, nikitunzwa.

Siku ya tatu ya msiba nilimwambia Tabu achemshe maji. Akida akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Pisha, ama nitapiga yowe mtaa mzima ujue mnavyomfunga mama yenu." Akapisha. Lakini goti lilikuwa limekakamaa, paja limenywea, hata kuhesabu tatu sikuweza. Nilianza upya kama mtoto. Arobaini ya mdogo wangu ikasomwa, mimi bado najifunza kusimama kitini.

Jumatatu iliyopita nilitoka alfajiri, Tabu nyuma yangu na kibuyu cha maji. Nilipumzika mara nyingi, njia nzima goti liliniuma, nikafika adhuhuri imepita. Nimemsomea dua kaburini nimesimama.

Msamaha uliouomba si wangu peke yangu, na mwenzangu hasikii tena. Ukipata ruhusa, shuka stesheni, uende Ibadakuli kwa miguu kabla hujafika kwangu. Lori usiniletee. Wala amri.

Mwanaidi binti Feruzi