Kiti cha Plastiki cha Kagongwa

Baba Kulwa,

Hujambo huko? Joto la huku Kagongwa linakausha ulimi, lakini kinachonichosha ni kiti. Tangu nifike kwenye harusi ya mjukuu wa dada sijagusa hata mwiko. Nikiinuka tu, vijana wanakuja mbio: "Bibi, kaa, utachoka." Nichoke na nini, kukaa?

Jana wenzangu wakapewa matobolwa, vile viazi vikavu vya kutafuna na karanga. Mimi nikaletewa uji. Meno yangu unayajua, yote yapo. Niliunywa kwa hasira.

Ngoma ya majembe ilipoanza, uzalendo ukanishinda. Nikamnyang'anya binti mmoja jembe, nikaingia kwenye mstari, nikalirusha juu na kulidaka kama zamani. Ngoma ikanyamaza. Bwana harusi mwenyewe akaja na kile kiti mkononi. "Bibi, tafadhali, utaanguka."

Shangazi Milembe, ambaye kanizidi hata mimi kwa miaka mingi, akauliza kuna nini. Wakamweleza.

"Mwacheni mtoto acheze," akasema. "Huyo tangu mdogo hakalishiki."

Ngoma ikaanza tena. Nilicheza mpaka vumbi likanijaa puani.

Leo goti limevimba kama boga. Wakiniuliza mbona nimetulia kwenye kiti, nawajibu kwamba namwandikia mume wangu kadi. Sasa nafasi inakwisha, na sijui nitasingizia nini.

Nimekukumbuka, kijana wangu. Watoto usiwaambie.

Mama Kulwa