Mlango wa Jiko Ulioufunga

Baba yangu uliyelala Mwakitolyo,

Jana nilifundisha vimeng'enya kidato cha tatu, hapa Kahama. Nilimpa kila mwanafunzi kipande cha ugali, nikawaambia watafune bila kumeza mpaka uwe mtamu. Ni somo lako lile. Ulikuwa ukiniita mayu, kana kwamba mimi ndiye mama yako, ukisema, "Tafuna taratibu, mayu, utamu uko mbele." Hukujua kwamba ni kimeng'enya cha mate kinachokata wanga kuwa sukari. Nilipokueleza ulicheka, ukasema kumbe ng'ombe wako wameuzwa ili nikasomee mate.

Niliwaeleza pia kwamba kila kimeng'enya kina umbo linalokubali kitu chake tu, kama kufuli na ufunguo wake. Kinaharakisha kazi, chenyewe hakipungui, kinageukia nyingine. Mmoja akauliza ni nini kinachokiharibu. Nikataja joto kali, nikataja tindikali, kisha nikataja zebaki, na hapo nikafunga kitabu.

Maana nilikwambia, baba. Nilikuja likizo nikakuta unachomea jikoni kwa mama dhahabu uliyoikamata kwa zebaki, mlango umeufunga, dirisha umeliziba kwa gunia, yeye anapepea mkaa. Nikasema moshi ule wa zebaki unaingia mwilini, unaving'ang'ania vimeng'enya mpaka vinashindwa kazi, heri mchomee nje. Hukugeuza hata shingo.

"Dhahabu ukiichomea nje, kijiji kizima kinakuwa ndugu zako."

Mama alicheka. Mimi nikanyamaza, kwa kuwa binti habishani na baba yake, na ukimya ule unaniuma kuliko maneno yako. Ulipoanza kutetemeka ulisema umerogwa na majirani, walewale uliowafungia mlango. Ukafa ukiwalaani. Sijakusamehe, na sioni sababu ya kukudanganya sasa.

Mama ninaye hapa nyumbani kwangu, Nyasubi. Mikono yake inatetemeka kama yako ilivyokuwa, kikombe hakishikiki. Namlisha mwenyewe. Jana, baada ya kutoka shuleni, nilimpa tonge nikamwambia atafune taratibu, utamu uko mbele. Akatafuna muda mrefu, ananitazama.

"Mayu," akasema, "nasikia ladha ya chuma tu."

Lala, baba, kama unaweza.

Binti yako, uliyemsomesha mate