Daftari la Neema

Jumatatu, 3 Machi 2014

Nimefunga kibanda changu sokoni Nakawa mapema. Shuka mbili tu zimeuzika. Binti yangu Neema ana homa tena, wiki ya tatu, na madoadoa mekundu miguuni. Mama mkwe, tunayeishi naye hapa Bukoto, anasema ni malaria. Nimechoka na malaria yake.

Jumatano, 5 Machi

Saratani ya damu. Ana miaka minne.

Muuguzi aliniuliza mimba yake niliipataje. Hapa hospitalini kila mgonjwa huja na daftari la shule, humo ndimo wanamoandika, na letu hulibeba mama mkwe. Akanitangulia kujibu: "Huyu ni wa maombi. Kanisa zima linajua." Nikaitikia kwa kichwa. Muuguzi akaandika kwa Kiingereza: kawaida.

Kawaida gani? Nilijidunga sindano za tumbo siku kadhaa, nikimwambia mama mkwe ni za kuongeza damu. Kisha kliniki, yai langu na mbegu ya mume wangu Peter vikakutanishwa nje ya mwili. Mimi na yeye tu tunajua. Halafu nikasimama mbele ya waumini, nikatoa ushuhuda wa muujiza, wakampa mtoto jina. Mwongo mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Kibanda sikufungua. Je, ni zile sindano? Ni ile kliniki? Kama ni mimi niliyemletea, bora nisijue. Na kama daktari anakosea tiba kwa sababu yangu? Naona aibu hata kumshika mkono.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemfuata daktari peke yangu na daftari. Nimesema yote. Hakushangaa. Wapo watafiti walioona uhusiano mdogo kati ya mimba za namna hii na saratani, alisema, wengine hawakuuona, na hakuna anayeweza kusema ndicho kilichomletea Neema ugonjwa. Dawa ni zilezile. "Lakini usinifiche tena kitu, mama Neema." Akakata lile neno, akaandika ukweli.

Nilidhani nitapumua. Wapi. Siku mbili nililinda jina langu kuliko mtoto.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe hakwenda kanisani. Alifungua daftari, akaona palipokatwa, akanipa nimsomee. Kiingereza hajui. Ningeweza kudanganya. Nikamsomea, nikamfasiria neno kwa neno.

 Neema alikuwa amelala, dripu mkononi.

"Zile sindano ziliuma?"

"Ziliuma, mama."

"Na ulikuwa unajidunga peke yako."

Sikujua pa kuweka uso. Akalirudisha daftari kwenye mfuko wake wa plastiki, akanipa nilibebe mimi.